Mlango Usiosema Sababu

Ijumaa moja ya mwezi wa tano, saa mbili usiku, mdogo wangu alikuja kwangu Tabata na laptopu kwapani. Nikamkaribisha chakula, akasema ameshiba. Nikamkaribisha chai, akasema baadaye. Shida yake ilikuwa moja tu: kuna makala alitaka kuisoma, na haifunguki.

"Dada, maktaba inanikatalia," alisema. "Wewe si unajua haya mambo ya kompyuta?"

Kusema kweli siyajui. Mimi ni mwandishi wa habari. Ninachokijua ni kubishana na mashine mpaka mmoja wetu achoke. Lakini kwetu, mtu akishaajiriwa kwenye ofisi yenye intaneti anahesabiwa fundi, na fundi hakatai kazi ya nduguye. Tukakaa mezani.

Mdogo wangu anasoma shahada ya uzamili ya historia. Tasnifu yake inahusu makuli wa bandari ya Dar es Salaam na migomo yao, hasa ule mkubwa wa mwaka 1947. Makala aliyokuwa akiitafuta iko katika jarida la nje ambalo chuo chake kinalilipia. Kwa hiyo haki ya kuisoma alikuwa nayo, au ndivyo nilivyoamini usiku ule. Kwenye skrini palikuwa na sentensi mbili za Kiingereza ambazo naweza kuzitafsiri hivi: Huna ruhusa ya kufikia rasilimali hii. Tafadhali wasiliana na maktaba yako.

Maneno hayo yamenikaa kichwani tangu siku ile, na ndiyo yaliyonifanya niandike. Swali langu ni la kawaida kabisa, tena si la kompyuta peke yake: mtu anayekunyima kitu, je, anawajibika kukuambia kwa nini?

Kwanza tuuelewe mlango wenyewe, maana wengi tunaupiga mateke bila kujua umetengenezwaje. Chuo kinapolipia majarida ya kielektroniki, mara nyingi hakinunui makala kama unavyonunua kitabu ukakiweka kabatini. Kinalipia ruhusa ya kusoma kwa muda wa mkataba. Mchapishaji naye atajuaje kwamba anayebisha hodi ni mtu wa chuo hicho? Njia iliyozoeleka ni kupewa orodha ya anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha mtandao wa chuo. Ukiwa ndani ya chuo, kompyuta yako inabisha kwa namba iliyomo kwenye orodha, mlango unafunguka, wala huulizwi jina. Mlango hukujui wewe. Unajua umekaa wapi.

Sasa toka getini, panda daladala, fika Tabata. Wewe ni yule yule, kitambulisho ni kile kile, ila sasa unabisha kwa anwani ya kampuni ya simu iliyokuuzia bando. Mlango unakuona mgeni. Ndiyo maana vyuo vingi vina proksi, na inayojulikana zaidi ni programu inayoitwa EZproxy, iliyoanza mwaka 1999 na kununuliwa na OCLC mwaka 2008. Kazi yake ni kama ya kumtuma mtoto dukani. Wewe unajitambulisha kwa maktaba kwa jina na paswedi, kisha proksi inakwenda kwa mchapishaji kwa niaba yako, ikiwa na anwani ya chuo. Muuza duka anamwona mtoto, hamwoni aliyemtuma.

Ukihesabu vizuri, hapo kuna milango mitatu: wa mchapishaji, wa proksi, na ule wa orodha ya chuo inayosema nani ni mwanafunzi na nani si mwanafunzi. Milango mitatu, ila kwenye skrini yetu ilikuwa ikisema kwa maneno yale yale.

Tukaanza kazi. Jambo la kwanza lililonishtua ni onyo jekundu kwamba tovuti ya maktaba si salama. Nikatazama pembeni mwa skrini: tarehe ilikuwa 1 Januari 2015. Laptopu yenyewe ni ya mtumba, ya Kariakoo, na kibetri kidogo cha saa kilishakufa, kwa hiyo kila chaji ilipoisha kompyuta ilirudi miaka ya nyuma. Tovuti salama zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayoishi mwaka 2015 ikiona cheti cha mwaka huu, inaamini cheti hicho bado hakijaanza kutumika, nayo inakukinga nacho. Tukarekebisha tarehe. Onyo likatoweka. Tukapigana viganja kama watu waliofunga goli.

La pili lilikuwa njia. Mdogo wangu alikuwa akiitafuta makala kwenye Google, akibonyeza, anafika moja kwa moja kwa mchapishaji bila kupita maktaba. Huo ni mtego wa kila siku: umefika dukani mwenyewe, wala hukumtuma mtoto. Nikamwambia aingie kwanza kwenye tovuti ya maktaba, atafute jarida humo, aanzie hapo. Akaandika jina, akaandika paswedi, ikapokelewa.

Halafu yakarudi maneno yetu. Huna ruhusa.

Basi nikaingia kazini kweli kweli. Nikafuta kuki, nikafuta kashe. Nikafungua dirisha la faragha. Nikatoka Chrome nikaenda Firefox. Nikatoka kwenye bando lake nikaja kwenye bando langu. Nikajaribu jarida jingine, nikajaribu kitabu cha kielektroniki, nikajaribu hifadhidata nyingine kabisa. Kote jibu ni lile lile. Saa nne ikapita. Mdogo wangu alikuwa amenyamaza muda mrefu, nami nikadhani ni usingizi.

Hapa nilifanya kosa ambalo nadhani wengi tunalifanya. Kwa kuwa shida mbili za mwanzo zilikuwa hitilafu, niliamini na ya tatu ni hitilafu. Sikuwaza hata mara moja kwamba huenda mlango hauna ubovu wowote, kwamba unafanya kazi sawasawa na umefungwa kwa makusudi.

Hitilafu na katazo ni vitu viwili tofauti sana, hata kama vyote vinakuacha nje. Hitilafu haina mwenyewe. Kibetri kikifa, hakuna aliyekaa kikao akaamua kife. Kazi yako ni kutengeneza, na kama huwezi, kumwita anayeweza. Katazo lina mwenyewe. Kuna mtu, au ofisi, au mkataba, uliosema "huyu asiingie". Na mbele ya katazo mtu ana mambo mengi ya kufanya: anaweza kutii, anaweza kuuliza, kukata rufaa, kuomba muda, kulalamika, hata kugoma. Makuli wa mwaka 1947 walilijua hilo kuliko sisi. Huwezi kugomea mvua. Unaweza kugomea mshahara, kwa sababu mshahara umepangwa na mtu, na aliyeupanga anaweza kuupangua.

Kwa hiyo mtu akikufanyia katazo halafu akaliacha lionekane kama hitilafu, hajakunyima kitu kimoja. Amekunyima viwili: makala, na nafasi ya kubishana. Anakuacha ukifuta kuki usiku kucha, ukijilaumu mwenyewe. Angalia tu maelekezo ya msaada ya maktaba nyingi yanavyoanza: hakikisha paswedi yako, safisha brauza yako, kagua mtandao wako. Yako, yako, yako. Silaumu, maana mara nyingi kweli shida iko huko, na saa ya laptopu yetu ni shahidi. Lakini mpangilio huo una somo unalofundisha kimya kimya: kwamba ukikataliwa, kosa ni lako hadi uthibitishe vinginevyo.

Na makatazo yanayovaa nguo za hitilafu ni mengi. Kuna jarida ambalo chuo kinalo, lakini si matoleo ya miaka ya karibuni; mkataba una ukuta unaosogea kila mwaka, nyuma yake husomi. Kuna kitabu cha kielektroniki kilicholipiwa msomaji mmoja kwa wakati mmoja, hivyo ukikuta mwenzako anakisoma unasubiri kama foleni ya maji. Kuna pia adhabu ya jumla. Mchapishaji akiona anwani moja inapakua makala nyingi kwa kasi, anaifunga anwani hiyo. Na kwa kuwa wote wanaopita kwenye proksi wanaonekana kama mtu mmoja, kosa la mmoja linawafungia mamia. Hili si la vyuo vyetu maskini tu. Oktoba 2010, Aaron Swartz alipokuwa akipakua makala za JSTOR kwa wingi kupitia mtandao wa MIT, JSTOR iliifungia MIT nzima kwa siku kadhaa. Mtu aliyekuwa akiandika karatasi yake kwa amani katika jengo la pili, yeye alijua nini? Alijaribu brauza nyingine, nadhani.

Mfano mwingine uko juu zaidi ya chuo. Tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wamekuwa na mpango wa HINARI, unaowapa watafiti na madaktari wa nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Mapema mwaka 2011, baadhi ya wachapishaji waliyaondoa majarida yao kwa wasomaji wa Bangladesh. Kelele zikapigwa, yakarudishwa. Mimi namuwaza daktari mmoja aliyefungua jarida lile lile alilolisoma wiki iliyopita, akakuta limefungwa. Jambo la kwanza atakalosema ni "leo mtandao unasumbua". Kelele zilipigwa na wale waliogundua kwamba mtandao hausumbui.

Turudi Tabata. Ilipofika kama saa nne na nusu, nikaamua kuvunja sheria. Nina rafiki anayesoma uzamivu Ulaya, na chuo chake kina kila jarida ambalo Mungu ameruhusu lichapishwe. Nikachukua simu nikaanza kumwandikia: nisaidie paswedi yako dakika kumi tu, ni kwa ajili ya mdogo wangu.

Nataka niwe mkweli kuhusu dakika ile. Sikusita. Sikujiona naiba wala nashawishi mtu avunje mkataba wake. Nilijiona natengeneza. Nikitafakari sasa naona kwa nini: mlango haukuniambia kwamba kuna kanuni, kwa hiyo sikuwa na kanuni ya kuivunja. Mtu akikuambia "usipite hapa, ni shamba la mtu", ukapita, unajua umepita shamba la mtu. Akikuacha udhani ni kichaka tu kilichoota njiani, utakifyeka kwa panga huku ukipiga mluzi. Na kama paswedi ile ingegundulika inatumika nchi mbili kwa usiku mmoja, ambaye akaunti yake ingefungwa si mimi, wala mdogo wangu. Ni rafiki yangu, mwaka wake wa mwisho.

Kabla sijatuma, mdogo wangu akaweka mkono juu ya simu yangu.

"Dada, usimsumbue."

"Kwa nini? Ni dakika moja tu."

"Sijalipa ada."

Nikamtazama.

"Ya muhula huu," akasema. "Sijalipa hata kidogo."

Msomaji, nusu ya ada ile niliitoa mimi. Nusu nyingine aliitoa mzee kwa kuuza mahindi kabla ya bei kupanda. Kumbe mwenye nyumba wa mdogo wangu alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na shule binafsi anayofundisha muda wa ziada ilikuwa haijamlipa kwa miezi mitatu. Akaichukua ada akalipa kodi, akijiambia kwamba mshahara ukitoka atairudisha kabla hatujajua. Mshahara haukutoka.

Hasira iliyonipanda haikuwa ya pesa, au tuseme haikuwa ya pesa peke yake. Ilikuwa ya zile saa mbili. "Yaani umekaa hapa unaniangalia nafuta kuki, na unajua?"

Akajibu kwa sauti ndogo jibu ambalo sijaweza kulisahau. "Sikuwa najua, Dada. Ujumbe haukusema. Tuliporekebisha tarehe nikadhani labda ni hiyo. Ulipobadilisha njia nikadhani labda ni hiyo." Akanyamaza kidogo. "Nilitaka iwe mtandao."

Ndipo nilipoelewa kwamba maneno yale yasiyo na sababu yalikuwa yamemfanyia vitu viwili kwa pamoja. Yalimficha ukweli, na yalimpa mahali pa kujificha.

Wiki iliyofuata nilikwenda maktaba yao. Sikwenda kama ndugu wa mdaiwa. Nilikwenda na udadisi wangu wa kazi. Nikamkuta mkutubi mmoja, baba wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kiti. Nikamweleza hoja yangu yote: hitilafu na katazo, kwamba mashine inapaswa kusema wazi, kwamba kutosema ni kumdharau msomaji. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akasimama.

"Njoo uone, binti."

Akanipeleka kwenye kioo kinachotazama chumba cha kompyuta. Wanafunzi walikuwa wamekaa bega kwa bega, wengine wamesimama nyuma ya wenzao wakisubiri zamu.

"Sasa tuseme skrini imeandika 'unadaiwa ada'," alisema. "Nani ataisoma wa kwanza?"

Sikujibu.

"Kuna binti alikuja hapa analia kwa sababu mwenzake alimwona ametolewa kwenye orodha ya mtihani. Sisi tuliosoma zamani majina ya wadaiwa yalibandikwa ubaoni. Unataka turudi huko?"

Akaniambia na jambo la pili, ambalo lilinisumbua zaidi. Yeye mwenyewe sababu haijui. Kwenye kompyuta yake akaunti ya mwanafunzi ama inatumika ama haitumiki. Aliyelipa na asiyelipa anajulikana kwa mhasibu; aliyeahirisha masomo anajulikana kwa msajili; maktaba inaletewa jina na neno moja. "Wananiambia niwasaidie kutatua tatizo," alisema, "na mimi nawaambia wasafishe brauza, kwa sababu hicho ndicho ninachoweza kukijua."

Nilitoka pale nikiwa nimenyamaza. Nilikwenda na hoja iliyonyooka, nikarudi nayo imepinda.

Maana hoja ya mkutubi ni ya sitara, na sitara si neno dogo kwetu. Marehemu bibi yangu kila tulipoagana aliomba kitu kimoja: Mungu akusitiri. Hakuomba utajiri, hakuomba cheo. Kumsitiri mtu ni kumwachia heshima yake mbele za watu, kutolifunua deni lake, maradhi yake, aibu ya nyumba yake. Mwenzako akija kukuazima unga unampa ndani ya kibakuli kilichofunikwa. Ukiniuliza nichague kati ya mashine inayosema kila kitu hadharani na mashine inayonyamaza, nami nitasita.

Lakini nimelizungusha jambo hili kwa miezi sasa, na naona kuna uzi mwembamba ambao mkutubi wangu hakuugusa. Kumsitiri mtu mbele za wengine ni jambo moja. Kumficha mtu jambo lake mwenyewe ni jambo jingine. Kibakuli kinafunikwa jirani asione, lakini aliyepewa unga anajua amepewa unga. Maneno yale hayakumsitiri mdogo wangu, kwa sababu sitara inakwenda kwa mtu anayejua kilichofunikwa. Yeye waliachwa naye gizani pamoja na majirani.

Mwaka 1795, katika kitabu chake kidogo kuhusu amani ya kudumu, Immanuel Kant aliweka kipimo kimoja cha haki: tendo linalogusa haki za wengine si la haki ikiwa kanuni yake haiwezi kutangazwa hadharani. Hebu tukijaribu hapa. "Mwanafunzi asiyelipa ada hatasajiliwa, na asiyesajiliwa hatatumia maktaba." Hiyo inatangazika, utaikuta kwenye kanuni za usajili za vyuo vingi. Unaweza kuipinga, na mimi naipinga kidogo, kwa sababu makala ya kielektroniki ikisomwa na mtu mmoja zaidi haipungui, na kumfungia mdaiwa maktaba ni kumchelewesha kupata shahada itakayomsaidia kulipa. Chuo nacho kitanijibu kwamba dawa ya deni ni kulipa na kwamba umeme na wachapishaji hawalipwi kwa huruma. Sawa, tubishane. Hayo ni mabishano ya watu wazima. Sasa ongeza nusu ya pili: "...na tutamfungia bila kumwambia kwamba ndicho tulichofanya." Hiyo itangaze kama unaweza. Hakuna mkuu wa chuo atakayeisimamia jukwaani. Na kwa kweli hakuna aliyeiamua. Imejipanga yenyewe, ofisi hii ikimwachia ile, hadi katazo likakosa mwenyewe. Lakini kutokuwa na aliyeamua hakuifanyi kuwa haki. Kunaifanya iwe ngumu kurekebisha.

Tena dawa yake si ghali. Skrini ya hadhara inaweza kubaki na ujumbe mfupi, na sababu ikatumwa kwenye barua pepe au simu ya mwanafunzi: akaunti yako imesimamishwa kwa sababu ya usajili, si shida ya kifaa chako, ofisi ya kuona ni hii. Mistari mitatu. Hata kwa zile shida za wachapishaji, tofauti ya maneno inatosha: "kitabu kinasomwa na mtu mwingine kwa sasa" si sawa na "huna ruhusa". La kwanza linakuambia subiri. La pili linakuambia wewe si mtu wa hapa.

Najua mtu atasema: huyo mdogo wako alijua hajalipa, angeweza kujumlisha mbili na mbili. Ni kweli, na nilimwambia hivyo kwa maneno makali kuliko haya. Waswahili walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtu mwenye aibu hatafuti ukweli kwa bidii, ndiyo asili ya aibu. Anashika tumaini lolote analopewa, hata likiwa kuki. Ukimwachia nafasi ya kujidanganya ataitumia, halafu muda unapita, faini ya kuchelewa inaongezeka, dirisha la kuomba kulipa kwa awamu linafungwa. Kumwambia mtu ukweli mapema, kwa faragha, ni kumheshimu kwamba anaweza kuubeba.

Kwa hiyo kama wewe unayesoma hapa umekatazwa na maktaba yako wiki hii, nakuachia tulichojifunza usiku ule. Angalia tarehe ya kompyuta yako. Pitia tovuti ya maktaba, usipitie Google. Safisha kuki, jaribu brauza nyingine. Kisha jaribu jarida jingine: likifunguka, shida iko kwenye jarida au mkataba wake, yakigoma yote wakati paswedi inapokelewa, huenda shida si kifaa, ni jina lako kwenye orodha ya mtu fulani. Hapo acha kufuta. Nenda kamuulize binadamu swali moja: hii ni hitilafu au ni uamuzi? Na kama ni uamuzi, wa nani? Wakati unasubiri jibu, mwandikie mwandishi wa makala. Wengi wanaruhusiwa kukutumia nakala yao, na wengi wanafurahi kwamba kuna mtu anaitaka. Uliza pia maktaba kuhusu kusoma ukiwa ndani ya jengo, maana mikataba mingi inamruhusu mgeni aliyeingia kwa miguu yake asome kwenye kompyuta za hapo hapo. Mimi niliyemaliza chuo miaka mingi nilikuwa sijui.

Mdogo wangu alimwandikia mwandishi wa makala ile. Siku ya tatu ikaja, imeambatishwa, na salamu fupi ya kumtakia heri na makuli wake. Jumatatu alikwenda kwa mhasibu, akakuta bado kuna nafasi ya kulipa kwa awamu, imebaki wiki moja.

Kwa mzee alikwenda mwenyewe. Nilijitolea kumpigia simu kwanza, nimwandae, akakataa. Alisema hiyo sababu ni yake kuisema. Walikaa nje, chini ya mwembe, sisi wengine tukabaki ndani. Baadaye nilimuuliza mzee amesemaje. "Nilimuuliza kiasi gani," akajibu, akaendelea kupukuchua mahindi.